Mume wangu aliacha pombe, usiku wa pili akaanguka degedege. Ni jini au ni ugonjwa?

SWALI

Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Kibirizi hapa Kigoma. Mume wangu ana miaka 41, ni mvuvi wa dagaa. Amekunywa gongo miaka mingi, na sasa hawezi kutoka kitandani asubuhi bila kuzimua. Ramadhani ilipoandama aliapa mbele ya watoto kwamba ameacha, na kweli hakugusa. Siku ya kwanza alitetemeka na kutoka jasho. Usiku wa pili akaanguka, akakakamaa, akatoka povu. Siku ya tatu akawa anafukuza wadudu ukutani ambao sisi hatuwaoni, na kuitikia watu wanaomwita kutoka ziwani. Akasomewa dua, hakutulia. Mwishowe baba yake mdogo akamnywesha gongo kidogo, akatulia, akalala. Mama mkwe anasema sasa limedhihirika: ni jini, na jini lenyewe linataka pombe. Wengine wanasema ni tabia tu, hana msimamo. Amerudia kunywa kuliko zamani. Kuna mama sokoni anauza unga wa kumtilia mtu kwenye chai ili aache bila kujua. Nimtilie? Hospitali kuna dawa? Na wanangu je, maana hata babu yao alikufa kwa pombe, watairithi?

JIBU

Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho limesimama pale pale: "na kweli hakugusa." Nyumbani kwenu siku zile zimehesabiwa kuwa siku alizoshindwa. Mimi nazihesabu tofauti. Mtu ambaye mwili wake umefungwa na pombe kiasi cha kushindwa kuamka bila kuzimua, kisha akakaa siku tatu bila tone kwa sababu ya kiapo alichowaapia watoto wake, nia anayo ya kutosha. Kilichomwangusha ni ubongo wake, na ubongo huo una tiba. Nitakueleza kwa urefu, na nakuomba haya yote umsomee na yeye.

Ubongo hufanya kazi kwa kemikali zinazopeleka ujumbe kutoka seli moja hadi nyingine. Kwa habari ya pombe, mbili zinatosha kuanzia. Moja inaitwa GABA, kazi yake ni kutuliza. Nyingine ni glutameti, kazi yake ni kuamsha. Pombe ikiingia huipa nguvu ile ya kutuliza na kuibana ile ya kuamsha, ndiyo maana mnywaji woga humtoka, ulimi humlegea, na akizidisha husinzia. Kwa anayekunywa mara moja moja, pombe ikiisha mwilini mambo hurudi yalivyokuwa. Kwa anayekunywa kila siku, mwaka baada ya mwaka, ubongo haukubali kulazwa hivyo. Hujirekebisha: hupunguza usikivu wake kwa GABA na kuongeza nguvu ya glutameti, ili mwenyewe aweze kuamka, kutembea na kuvuta nyavu huku pombe imo ndani.

Fikiria mtumbwi unaopigwa na kusi ubavuni. Walio ndani wanaegemea upande wa upepo kwa uzito wao wote ili usipinduke, na baada ya muda wanazoea kukaa hivyo. Sasa kusi likatike ghafla, na wao bado wameegemea. Watapinduliwa na uzito wao wenyewe. Ule usiku mwezi ulipoandama, shemeji yangu alikata upepo kwa mara moja, na ubongo wake ulikuwa bado umeegemea. Nguvu yote ya kuamsha iliyokuwa ikipambana na gongo ikabaki haina cha kupambana nacho. Hapo mikono hutetemeka, jasho humwagika, moyo huenda mbio, usingizi hukataa. Ikizidi zaidi, ubongo hulipuka kwa degedege. Ikizidi tena, mtu huanza kuona na kusikia visivyokuwepo.

Mambo haya yana ratiba, na ratiba hiyo inafanana dunia nzima. Kutetemeka na jasho huanza kama masaa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege huja zaidi ndani ya masaa 48 ya mwanzo. Kuchanganyikiwa, kuona wadudu na kuitikia sauti huja kwa kawaida kati ya masaa 48 na 96. Rudi kwenye barua yako uilinganishe: siku ya kwanza, usiku wa pili, siku ya tatu. Hata wadudu ukutani ni jambo ambalo madaktari wameliandika mara nyingi sana kwa wagonjwa wa nchi zilizo mbali kabisa na Ziwa Tanganyika.

Zamani hata madaktari walibishana juu ya hili. Wapo waliosema degedege la walevi linatokana na njaa na ukosefu wa vitamini, kwa sababu mlevi hali vizuri. Mwaka 1955 Daktari Harris Isbell na wenzake, huko Lexington katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, walichapisha utafiti uliomaliza sehemu kubwa ya ubishi huo. Waliwanywesha pombe kila siku wanaume 10, huku wakiwalisha vizuri na kuwapa vitamini. Sita kati yao waliendelea kwa siku 48 hadi 87. Walipokatiwa pombe ghafla, walitetemeka na kutoka jasho. Wapo waliopata degedege, na wapo walioona na kusikia visivyokuwepo. Watu wale walikuwa wafungwa waliowahi kuwa waraibu wa mofini, na utafiti wa namna ile leo usingeruhusiwa. Kila nikiusimulia nahisi tuna deni kwao. Lakini walichotufundisha ni kikubwa: mtu aliyeshiba, asiye na ugonjwa mwingine, akinyweshwa pombe muda mrefu kisha akakatiwa kwa mara moja, anaweza kupata yale yale yaliyompata mumeo.

Sasa mama mkwe wako. Usigombane naye, kwa sababu alichokiona ni cha kweli: mwanawe alikuwa hatulii, akapewa gongo, akatulia. Tofauti yetu ni maelezo tu. Gongo lilirudisha ule upepo, na mtumbwi ukakaa sawa kwa muda. Angefikishwa hospitali usiku ule, angepewa diazepamu na angetulia vilevile, kwa sababu dawa hiyo hufanya kazi kwenye vipokezi vya GABA, yaani milango ya seli inayopokea ujumbe wake, mahali pale pale pombe inapogusa. Neno letu la kuzimua limebeba elimu hii siku zote. Anayezimua kila alfajiri hatafuti raha tena. Anatibu maumivu ya kukosa pombe kwa kutumia pombe. Na dua isikatizwe. Nimewatibu watu ambao shehe alikaa upande mmoja wa kitanda na muuguzi upande wa pili, na kila mmoja akafanya kazi yake.

Hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine pote. Nilipokuwa daktari mchanga, alinijia mwanaume mmoja wa makamo, mnywaji wa kila siku, ameletwa na mkewe. Nilimwambia aache siku ile ile, nikamtolea mifano ya watu walioacha kwa msimamo. Alinitii. Siku ya tatu ndugu zake walimrudisha amebebwa, ana joto kali, hamtambui hata mkewe, na kabla hakujapambazuka alifariki. Alikufa kwa kufuata ushauri wangu. Tangu siku ile sijamwambia mtu anayezimua kila asubuhi kwamba aache ghafla nyumbani. Kuchanganyikiwa kule kwa siku ya tatu, kabla ya tiba za sasa, kuliua zaidi ya mtu 1 katika kila 10. Kwa uangalizi mzuri wa hospitali vifo vimeshuka hadi chini ya 5 katika kila 100. Mumeo alipona kwa bahati.

Kuna jambo lingine ambalo familia nyingi hazilijui. Ubongo huweka kumbukumbu ya kila kuachishwa kwa ghafla. Mtu aliyeacha na kurudia mara kadhaa, kila mara hali yake huelekea kuwa mbaya kuliko mara iliyopita. Kwa hiyo safari ijayo msitegemee kwamba kwa kuwa mara hii alipona, mara nyingine atapona pia. Safari ijayo ipangwe.

Kuipanga ni hivi. Nendeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, mkaulizie huduma ya afya ya akili, kabla hajaacha. Mtu aliyewahi kupata degedege la kukosa pombe hafai kuachishwa nyumbani, anatakiwa kulazwa. Tiba yenyewe si ya ajabu wala ya gharama ya kutisha: diazepamu kwa kipimo kinachotosha kuzuia hatari, kisha kinapunguzwa siku hadi siku, na kwa kawaida ndani ya siku 5 hadi 7 ubongo umeshaacha kuegemea. Usiinunue dukani ukampa mwenyewe. Diazepamu na gongo kwa pamoja vinaweza kumlaza mtu asiamke, maana vyote viwili vinasukuma upande mmoja.

Pamoja na diazepamu atahitaji vitamini B1, inayoitwa pia thayamini, kwa sindano. Familia zetu zinapenda sana dripu, na mgonjwa akitetemeka watu hulilia "dripu ya glukosi apate nguvu". Mnywaji wa muda mrefu mara nyingi ameishiwa B1, na ubongo hauwezi kuitumia sukari bila vitamini hiyo. Akimiminiwa sukari nyingi kabla ya kupewa B1, akiba ndogo iliyobaki inaweza kuisha, na hapo huharibika sehemu za ubongo zinazoongoza macho, mwendo na kumbukumbu. Wapo waliopona pombe wakabaki hawakumbuki walichokula asubuhi. Kwa hiyo ukiona dripu inatundikwa, uliza kwa adabu kama ameshapewa B1. Hakuna muuguzi mwelewa atakayekasirika.

Wakati wa kwenda nao una maana. Wewe unajua kuliko mimi kwamba kwenye mbalamwezi dagaa hawavutwi na taa, na wavuvi wengi hukaa nchi kavu. Siku hizo ndizo wanazokunywa zaidi kwa sababu hawana kazi na fedha walizovua siku za giza zimo mfukoni. Zigeuzeni siku hizo hizo kuwa siku za kulazwa: hapotezi kipato, na hayupo mwaloni wenzake wanapokusanyika. Mpaka siku hiyo ifike, asiache ghafla. Apunguze kidogo kidogo, ale chakula, anywe maji. Na siku yoyote atakayokuwa amekosa pombe na mikono inatetemeka, asipande chombo. Degedege likimkuta kitandani mtamgeuza ubavu, likimkuta ziwani usiku hakuna wa kumgeuza.

Nakuja kwenye unga wa sokoni. Usimtilie, tafadhali. Sijui ndani yake mna nini, na anayekuuzia naye huenda hajui. Inawezekana ni majani yasiyofanya lolote, na hapo umepoteza fedha. Inawezekana pia mmechanganywa disulfiramu, dawa halisi kabisa ya hospitali, na hapo umeingia kwenye hatari kubwa zaidi.

Disulfiramu ina historia ya kuvutia. Katika miaka ya 1940, kule Copenhagen, watafiti wawili wa Denmark, Jens Hald na Erik Jacobsen, walikuwa wakiichunguza kama dawa ya minyoo. Walijijaribia wenyewe vidonge, na walipokunywa pombe kidogo wakajikuta nyuso zimewaka, moyo unadunda, kichefuchefu kimewajaa. Mwaka 1948 walitangaza kwamba dawa hiyo inaweza kuwasaidia wanaotaka kuacha pombe, na mwaka 1951 Marekani ikaiidhinisha. Inavyofanya kazi ni hivi: ini huibadilisha pombe kuwa sumu inayoitwa asetaldehaidi, kisha kimeng'enya, yaani kichocheo cha mwili, huivunja sumu hiyo haraka. Disulfiramu hukizuia kimeng'enya hicho, kwa hiyo sumu hujaa mwilini. Kwa mtu anayejua kwamba ameimeza, hofu ya kuumwa humzuia kunywa, na hilo ndilo lililokusudiwa. Kwa mtu asiyejua, ataendelea na gongo lake kama kawaida. Shinikizo la damu litashuka, moyo utavurugika, na anaweza kufa barazani kwenu, kwa chai uliyoipika wewe kwa upendo. Tena nguvu ya dawa hiyo inaweza kubaki mwilini hadi wiki 2 baada ya kidonge cha mwisho.

Hata kama ingekuwa salama, siri yenyewe huharibu. Siku akigundua, hatakula tena chakula chako kwa amani, na dawa nyingine zote za kweli atazikataa. Disulfiramu nayo huwasaidia zaidi wale waliokubali, wanaoimeza mbele ya mtu wanayemwamini. Mtu huyo anaweza kuwa wewe, lakini mchana kweupe.

Badala ya siri, kuna njia iliyopimwa. Huko New Mexico, Marekani, watafiti William Miller na Robert Meyers walifanya kazi na watu 130 waliokuwa na ndugu au wenza wanaokunywa na wanaokataa tiba. Matokeo yalitoka mwaka 1999. Waliofundishwa njia ya kukaa kikao cha ukoo na kumkabili mnywaji kwa pamoja walifanikiwa kumfikisha kwenye tiba kwa kiasi cha 30 katika kila 100. Waliofundishwa namna ya kuishi naye siku kwa siku, kumpa moyo na ukaribu anapokuwa hajanywa, kujiondoa kimya kimya anapokuwa amelewa, kuacha kumfichia madhara ya pombe, na kumwalika hospitali kwa wakati mzuri, walifanikiwa kwa kiasi cha 64 katika kila 100. Nimeona jambo hilo hilo Kigoma. Kikao cha wazee wanane kinachoanza kwa lawama humpeleka mtu kilabuni moja kwa moja.

Wakati mzuri kwa mumeo si usiku anaporudi, wala si alfajiri anapotetemeka. Ni ile saa moja au mbili baada ya kuzimua, mwili umetulia na kichwa bado ni chake. Mwambie umejifunza kwamba kilichompata Ramadhani kina jina, kinatibika, na kwamba siku zile tatu ulimwona alivyopigana. Kisha mwambie siku ya kwenda Maweni. Usimwombe kiapo kingine, maana kiapo alishakitoa na alikitimiza mpaka mwili ulipomkatalia.

Baada ya wiki ya hospitali kazi ya pili inaanza, na hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Mwili umesafishika, mikono imetulia, familia inachinja kuku. Baada ya mwezi amerudi kilabuni, na watu wanasema "si tulisema ni tabia". Kutetemeka kulikuwa ugonjwa wa siku chache. Hamu ni jambo jingine, na huishi muda mrefu zaidi.

Ubongo una afyuni yake ya asili, inaitwa endofini. Pombe huichokoza, nayo hufungulia dopamini katika sehemu ya ubongo inayojifunza lenye faida na kuliweka kumbukumbu. Dopamini haihifadhi ladha ya gongo peke yake. Inahifadhi kila kilichokuwepo: harufu ya moshi wa kilabu, njia ya kushukia mwaloni, sauti ya rafiki fulani, hata mwanga wa mbalamwezi. Miezi mingi baadaye kimojawapo cha hivyo kinatosha kuamsha hamu kabla mwenyewe hajawaza lolote. Na kwa mnywaji wa muda mrefu mfumo wa ubongo unaoshughulika na hofu na msongo nao hubaki umewashwa, kwa hiyo siku ya ugomvi au ya wavu kuchanika humsukuma kwenye chupa kwa nguvu kuliko inavyomsukuma mtu mwingine.

Kwa hamu hiyo dawa zipo. Naltreksoni huziba vipokezi ambavyo endofini hukaa, kwa hiyo hata akinywa, ile raha inayomvuta aongeze haiji kama zamani. Mwaka 1992 Joseph Volpicelli na wenzake huko Philadelphia walitoa matokeo ya wanaume 70 waliofuatiliwa kwa wiki 12. Waliopewa naltreksoni, waliorudia ulevi walikuwa 23 katika kila 100. Waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa 54. Baadaye tafiti nyingi zilipojumlishwa, mwaka 2014, hesabu ikawa ya kiasi zaidi: ukiwatibu watu 12 kwa naltreksoni, mmoja zaidi hatarudia ulevi mkubwa kwa sababu ya kidonge chenyewe, ukiacha wanaosaidiwa na ushauri nasaha. Wapo wanaoiona namba hiyo ni ndogo. Mimi nimekaa na wake wa hao 12, na huyo mmoja si mdogo. Kipimo chake ni miligramu 50 kwa siku. Haifai kwa anayetumia mofini, tramadoli au methadoni, na ini lipimwe kwanza.

Ya pili ni akamprosati, iliyoanza kutumika Ufaransa mwaka 1989 na kuidhinishwa Marekani mwaka 2004. Hii husaidia kuituliza ile glutameti iliyobaki na kelele, na humfaa zaidi aliyekwisha kuacha anayetaka kubaki hivyo. Haivunjwi na ini, hutoka kwa figo, kwa hiyo figo ndizo zinazopimwa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizi mbili kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Nimefurahi kuliona hilo, kwa sababu kwa miaka mingi ugonjwa huu ulitibiwa kwa mahubiri peke yake. Mnapofika hospitali ulizeni kwa majina haya mawili, na kama hazipo mwombeni daktari awaandikie au awaelekeze. Mkipewa rufaa ya Mirembe, hospitali ya afya ya akili iliyoko Dodoma, msione aibu. Utasikia pia watu wakitaja methadoni. Hiyo ni ya waraibu wa heroini, haitibu pombe.

Kazi ya utafiti inaendelea. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti mdogo wa Marekani, wa watu 48, ulioonyesha kwamba semaglutaidi, dawa ya kisukari, ilipunguza hamu ya pombe na kiasi kinachonywewa. Ni mapema mno kukimbilia kuinunua. Na hapa kwetu, pale hospitali ya KCMC, Moshi, watafiti wamepima kwa Kiswahili maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani ya kutambua ulevi wenye madhara, na wametengeneza ushauri wa muda mfupi kwa majeruhi wanaofika wakiwa wamelewa, wakauita Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Maswali hayo mkikutana nayo, jibuni kwa ukweli. Yanaokoa muda.

Mtafutieni pia watu. Chama cha walioacha pombe (Alcoholics Anonymous) kilichoanzia Marekani mwaka 1935 kilidharauliwa na wanasayansi kwa miaka, lakini mwaka 2020 tafiti 27 zilipopimwa kwa pamoja, zenye washiriki zaidi ya 10,000, ilionekana kwamba kuwaunganisha wagonjwa na vikundi hivyo huwasaidia wengi kukaa bila pombe kabisa, sawa na tiba nyingine za mazungumzo au zaidi. Kama Kibirizi kuna wavuvi wawili walioacha, hata kama hawana jina la kikundi, wakae naye kila mbalamwezi.

Watoto wako sasa. Ndiyo, kuna sehemu ya kurithi. Mwaka 1973 Donald Goodwin na wenzake walichapisha habari za wanaume wa Denmark waliotolewa kwa wazazi wengine wakiwa wachanga. Wale ambao mzazi wao wa damu alikuwa mlevi walipata ugonjwa huu karibu mara 4 ya wenzao, ingawa hawakulelewa naye. Tafiti za mapacha nazo zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya watu katika hatari hii inatokana na urithi. Nusu nyingine ni maisha. Wanachorithi ni wepesi wa kunasa, na asiyeonja hanasi.

Kuna dalili moja ya wepesi huo ambayo sisi huisifia. Kijana anakunywa chupa nyingi, wenzake wamelala, yeye yuko wima, na watu wanasema ana kichwa kigumu. Marc Schuckit, daktari wa San Diego, amewafuatilia vijana kwa miaka mingi na kuonyesha kwamba wale ambao pombe huwalewesha kidogo ndio wenye hatari kubwa ya kuja kuwa waraibu. Mwili wao hauwaambii mapema kwamba wametosha. Ukiona mwanao mmoja yuko hivyo, usimsifu. Na utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuwa na hatari ya uraibu kama mara 4 kuliko walioanza wakiwa na miaka 21. Kwa hiyo kuanzia leo mtoto asitumwe kumchukulia baba gongo, wala asimaliziwe lililobaki kwenye kikombe kwa mzaha. Na waambieni ukweli kuhusu babu yao: aliugua, wala hakulaaniwa.

Mkifika Maweni mtakuta foleni, na daktari atakuwa na dakika chache. Usianze na historia ya ndoa wala na mama mkwe. Anza hivi: "Mume wangu anakunywa kila siku na anazimua asubuhi. Alipoacha mara ya mwisho alipata degedege usiku wa pili, siku ya tatu akachanganyikiwa. Anataka kuacha tena, na tumekuja kabla hajaacha." Kisha taja saa aliyokunywa mara ya mwisho, kwa sababu daktari atahesabu kuanzia hapo.